Mnyaa wa sebuleni unapodhoofika: kusoma dalili, kupata chanzo, kuutibu bila kuumia

Ukipita Chamwino, Bahi au barabara ya Manyoni utauona mnyaa umezungushia maboma, mrefu kuliko mtu, kijani kibichi hata mwezi wa kumi wakati kila kitu kingine kimekauka. Hakuna anayeumwagilia. Mifugo inaukwepa. Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na mnyaa huishi kwa hiyohiyo. Lakini kata tawi lake ulipande kwenye chungu cha sebuleni Ilazo, au nunua ule wa vijiti vyekundu uuweke ofisini Mtumba, na baada ya msimu mmoja unaweza kukuta umelegea, umepauka au umeoza.

Sababu haijifichi. Ndani ya nyumba mnyaa hupewa maji kupita kiasi na hunyimwa jua. Ugumu uko kwenye kubaini lipi kati ya hayo limetokea, kwa kuwa mnyaa una dalili chache na hizo chache hufanana. Ulio na kiu husinyaa. Ulioozeshwa mizizi kwa maji nao husinyaa. Ndiyo maana nasisitiza kila ninapoulizwa: chunguza udongo kabla ya kuangalia vijiti, na usimwage hata kikombe kimoja kabla hujajua hali ya chini ya chungu.

Jambo la pili lina uzito zaidi. Watu wengi hawaumizwi na mnyaa uliotulia kwenye kona yake. Wanaumizwa siku wanapoutibu, wakiwa na kisu mkononi. Kwa hiyo tuanze na utomvu.

Utomvu: soma hapa kabla ya dalili yoyote

Mmea huu ni Euphorbia tirucalli, jina alilolitoa Linnaeus mwaka 1753. Ukikwanguliwa tu hutoa utomvu mweupe kama maziwa, wenye kemikali za jamii ya foboli na injenoli. Kwenye ngozi huwasha, huleta wekundu na mara nyingine malengelenge. Ukimezwa huunguza mdomo na koo, na huleta kutapika na kuharisha. Ukiingia jichoni ndipo penye hatari kubwa: huvimbisha konea, kile kioo cha mbele cha jicho, na mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuona kwa siku kadhaa. Asipotibiwa anaweza kupata kidonda kitakachoacha kovu la kudumu.

Utomvu huu hudanganya. Mara nyingi mtu huosha jicho, akapata nafuu, akaenda kulala, kisha usiku maumivu yanarudi kwa nguvu zaidi na mwanga haustahimiliki. Kwa hiyo ukiingiwa, osha papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, kope zikiwa wazi, kwa dakika 15 au 20 mfululizo. Kama umevaa lenzi za macho, zitoe. Usitie asali, maziwa, wala dawa ya macho iliyobaki kabatini. Kisha nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama maumivu yametulia: Benjamin Mkapa, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, au kituo cha afya kilicho karibu. Waambie waziwazi kuwa ni utomvu wa mnyaa, na kama unaweza wapelekee picha ya mmea. Aliyemeza asilazimishwe kutapika. Asukutue mdomo, apelekwe.

Unapokata, vaa glavu za mpira na miwani, hata ile ya jua inafaa kuliko kukosa kabisa. Fanyia kazi nje, upepo ukiwa mgongoni kwako. Dodoma upepo ni mwingi, hasa mwezi wa nane, na tone moja linarushwa mbali. Usikate tawi lililo juu ya usawa wa macho yako, kwa maana utomvu hudondoka. Laza chungu ubavu kwanza. Usijifute jasho na usishike simu mpaka umalize. Tone likianguka kwenye ngozi, lifute kwa karatasi kavu, kisha osha kwa sabuni na maji mengi, kwa sababu utomvu hautoki vizuri kwa maji matupu. Kidonda cha mmea kinyunyizie maji baridi. Utomvu huacha kutiririka. Kisu kifute kwa karatasi, kisha spiriti, kisha sabuni.

Mabaki yafunge kwenye mfuko uyatupe, au yafukie. Usiyachome, kwa sababu moshi wake nao unawasha macho na koo.

Nyumba yenye mtoto anayetambaa au paka anayetafuna majani haifai kabisa kuwa na mnyaa ndani, na kuupandisha juu ya kabati hakutoshi, maana vijiti vyake hudondoka. Upande uani nyuma ya uzio, au mpe mtu mwingine. Kwenye jambo hili sioni cha kujadili.

Shina limelainika chini, limekuwa njano au jeusi

Huu ndio ugonjwa unaoua minyaa mingi ya ndani kuliko mengine yote, na ndio usiosubiri kesho.

Bonyeza shina kwa kidole chenye glavu, karibu na udongo. Shina lenye afya huwa gumu. Likibonyea, au ngozi ikiteleza, kuoza kumeshaanza, na kwa kawaida kulianzia kwenye mizizi wiki kadhaa kabla hujaona chochote. Chanzo ni udongo uliokaa na maji muda mrefu, na hapa Dodoma maji hayo hukaa kwa njia ambazo mtu hazioni.

Ya kwanza ni chungu ndani ya chungu. Mmea uko kwenye chungu cha plastiki chenye matundu, lakini kimetumbukizwa ndani ya kile kizuri cha kauri kisicho na tundu. Maji yanashuka, yanatuama, mizizi inakosa hewa. Kiinue uangalie. Ukikuta maji chini, chanzo umeshakipata.

Ya pili ni udongo wenyewe. Udongo wetu mwekundu ukiwekwa mtupu kwenye chungu hushikamana ukawa mgumu, na ule mweusi wa mbugani wa kule Bahi hushika maji kwa wiki nyingi. Uani mnyaa unavumilia kwa sababu jua na upepo hukausha ardhi na mizizi ina pa kwenda. Kwenye chungu haina.

Ya tatu ni watu. Ofisini mmea mmoja humwagiliwa na wanne: mhudumu wa usafi asubuhi, katibu muhtasi mchana, mgeni anayemalizia chupa yake ya maji, na wewe Ijumaa kabla ya kuondoka. Kila mmoja anadhani amefanya hisani. Dada mmoja anayefanya kazi Mtumba aliniuliza, “Mbona kwetu Mpwapwa hatuumwagilii kabisa na unastawi, huku nautunza unakufa?” Nikamjibu, “Dada yangu, mmwagiliaji awe mmoja, na abandike karatasi ya tarehe kwenye chungu.” Karatasi hiyo huokoa mimea mingi kuliko mbolea.

Kama umewahi mapema, yaani udongo ni chepechepe lakini shina bado gumu, usikate kitu. Toa mmea pamoja na bonge lake la udongo, uweke juu ya magazeti kivulini penye hewa siku mbili au tatu, upande upya kwenye udongo mkavu wenye kupitisha maji, na usiumwagilie kwa wiki nzima.

Kama shina limeshalainika, mizizi haitarudi. Kata juu ya sehemu iliyooza kwa kisu kikali na uangalie uso wa ulipokata. Ukiona duara au vitone vya kahawia katikati, kuoza kumepanda. Futa kisu kwa spiriti, kata tena juu zaidi, mpaka uone nyama nyeupe isiyo na doa, inayotoa maziwa mengi. Wakati mwingine utabaki na ncha tu. Zinatosha, na kuzipanda nimekueleza mwishoni. Udongo wa zamani usiutumie tena kwenye chungu, na chungu kioshe kwa sabuni ukianike juani.

Mchanganyiko ninaoupendekeza kwa hapa kwetu: sehemu moja ya udongo mwekundu, sehemu mbili za mchanga wa korongo ule wa chembe kubwa, sehemu moja ya changarawe ndogo au mkaa uliopondwa. Mchanga laini wa kupigia plasta haufai, unaziba. Ule wa korongo uchekeche, ubaki na kilichokwama kwenye chekecheo. Samadi weka kiganja kimoja tu kwa chungu kizima, tena iliyoiva kabisa. Anayezoea kulisha mizabibu huwa anazidisha hapa.

Vijiti vimesinyaa, vina mikunjo ya kuelekea urefu

Chukua kijiti cha mshikaki, kizamishe kwenye udongo mpaka kiguse chini ya chungu, subiri dakika mbili, uchomoe. Kisha nyanyua chungu upime uzito wake. Vipimo hivi viwili vinakata shauri.

Kijiti kikitoka kikavu na chungu kikiwa chepesi, mnyaa una kiu. Mwagilia mpaka maji yatoke kwenye matundu, mwaga yaliyobaki kwenye kisahani, na ndani ya siku chache vijiti vitajaa tena.

Kijiti kikitoka na tope na chungu kikiwa kizito, na bado vijiti vimesinyaa, mizizi imeoza na haiwezi kunywa. Ukiongeza maji hapa unaumaliza mmea. Rudi kwenye sehemu iliyotangulia.

Kuna hali ya tatu inayowachanganya wengi: umemwagilia juzi, maji yalitoka chini, lakini kijiti kinatoka kikavu. Udongo umekauka mpaka umeachana na kuta za chungu, na maji yanapita pembeni bila kuingia katikati. Weka chungu kwenye beseni la maji yanayofika nusu ya kimo chake kwa nusu saa, kisha kitoe kichuruze. Hilo ni tiba ya leo. Mzizi wa tatizo ni udongo, ubadilishe ukipata nafasi.

Ukitaka makadirio ya kuanzia kwa chungu cha wastani karibu na dirisha: kuanzia Septemba hadi Novemba, joto na ukavu vikiwa vimezidi, kila siku kumi hadi kumi na nne. Juni hadi Agosti, usiku ukiwa wa baridi na mmea haukui, mara moja kwa mwezi hutosha. Masika yetu ya Desemba hadi Aprili ndiyo yanayohitaji uangalifu, kwa kuwa hewa ina unyevu na udongo hukauka polepole ingawa kuna joto. Kijiti cha mshikaki ndicho kiamue, kalenda ifuate.

Umerefuka, umekuwa mwembamba na kuinamia upande mmoja

Unatafuta mwanga. Mnyaa karibu hauna majani; chakula chake hutengenezwa kwenye vijiti vyenyewe, na hivyo vinahitaji jua la moja kwa moja angalau saa nne kwa siku.

Nyumba nyingi mpya za Dodoma zina madirisha ya aluminiamu yenye vioo vya giza, juu yake wavu wa mbu, juu yake pazia zito. Binadamu anaona chumba kina mwanga wa kutosha, lakini mmea uko gizani. Jipime saa sita mchana: weka mkono juu ya karatasi nyeupe mahali chungu kilipo. Kivuli kikiwa na ukingo unaoonekana vizuri, mwanga upo. Kikiwa ukungu tu, haupo.

Upande wa dirisha nao una maana, na hapa ushauri unaotoka Ulaya hautufai. Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Tangu mwanzoni mwa Machi hadi mapema Oktoba jua la mchana liko kaskazini mwetu, kwa hiyo dirisha la kaskazini ndilo linalopata jua. Kuanzia Oktoba hadi Machi jua linahamia kusini na dirisha la kusini linapata zamu. Dirisha la mashariki hupata jua la asubuhi mwaka mzima, na ndilo ninalolipendelea. La magharibi linafaa pia, ila mwezi wa kumi na moja joto la alasiri nyuma ya kioo ni kali, sogeza chungu kidogo.

Sehemu iliyokwisha kurefuka haitanenepa tena. Ukihamishia mmea kwenye jua, machipukizi mapya yatatoka manene, na yale membamba unaweza kuyapunguza kwa tahadhari zile za utomvu. Zungusha chungu robo mzunguko kila unapomwagilia.

Usisahau vumbi. Kati ya Agosti na Oktoba vijiti hufunikwa na vumbi jekundu linalozuia mwanga. Nyunyizia maji nje, uache yachuruzike. Usisugue kwa kitambaa. Utavunja ncha na utomvu utakupata.

Wekundu umepotea, au yametokea madoa ya kahawia

Mnyaa wa vijiti vyekundu huwa mwekundu kwa sababu ya jua kali, na rangi hukolea zaidi kwenye miezi ya baridi yenye anga safi. Ukiwekwa ndani hurudi kijani. Haujaugua. Ukitaka rangi, uweke barazani palipo na jua. Ukitaka ubaki ndani, ridhika na kijani.

Ila usiutoe ghafla. Mmea uliokaa kivulini ukitupwa kwenye jua la mchana huungua, na makovu ya rangi ya kahawia iliyopauka hutokea upande uliolitazama jua. Hayo hayafutiki lakini hayasambai. Wiki ya kwanza mpe jua la asubuhi hadi saa tatu, kisha ongeza taratibu. Doa linalokua, lenye unyevu au linalobonyea, ni kuoza na litibiwe hivyo.

Kuna kitu cheupe

Vipo vitu vyeupe vitatu, na watu hupulizia dawa ya wadudu kwa vyote.

Ukoko mweupe juu ya udongo na ukingoni mwa chungu ni chumvi. Maji mengi ya Dodoma hutoka ardhini, yakiwemo ya visima vya Makutupora, na yana madini. Ukitazama ndani ya birika lako utayaona hayohayo. Anayemwagilia kikombe kimojakimoja hulimbikiza chumvi, kwa sababu maji hayafiki chini kuzitoa. Kwangua ukoko, kisha mwagilia maji mengi yapite na kutoka mara tatu au nne mfululizo, uache chungu kikauke kabisa. Wakati wa mvua kinga maji ya bati utumie hayo.

Tone gumu jeupe au la manjano lililoganda kwenye kijiti ni utomvu mkavu wa jeraha la zamani. Liache.

Vinyuzi kama pamba kwenye maungio ya matawi, vyenye kunata, ni vidung'ata. Hawa ndio wadudu wanaosumbua mnyaa wa ndani kuliko wengine. Tenga mmea. Tumia kijiti cha pamba kilicholowa spiriti, gusa kila mdudu, kwa upole bila kukwangua ngozi. Rudia kila wiki kwa mwezi mmoja, kwa kuwa mayai hubaki yamejificha. Kama wamezagaa, kijiko kidogo cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, jaribu kwanza kwenye kijiti kimoja, subiri siku mbili, ndipo unyunyizie mmea mzima jioni. Mmea usiopona na udongo wake uko sawa, utoe uangalie mizizi; wapo vidung'ata wanaoishi huko chini, wanaonekana kama unga mweupe.

Yasiyo ugonjwa

Vijani vidogo vya kwenye ncha kuanguka ni kawaida. Shina la chini kuwa la kahawia na gumu kama gome ni uzee. Kutokua kabisa Juni na Julai ni baridi. Vijiti vizima vikidondoka vingi kwa mpigo si kawaida, na mara nyingi ni maji. Chukua kijiti cha mshikaki.

Kipandikizi hakishiki mizizi

Karibu kila mara kilipandwa kikiwa kibichi. Kata tawi la urefu wa kiganja, nyunyizia maji kidonda mpaka utomvu ukome, kisha liache kivulini penye hewa siku saba hadi kumi na nne, mpaka uso wa ulipokata ukauke na kuwa mgumu. Lipande kina cha vidole viwili kwenye mchanganyiko ule, ukiwa na unyevu kwa mbali tu. Litasinyaa kidogo, usishtuke, halina mizizi ya kunywea. Usimwagilie kwa wiki mbili za mwanzo, na usilivute kila siku kuona kama limeshika. Subiri uone ncha mpya. Wakati mzuri ni kuanzia Septemba, joto linaporudi. Kipandikizi cha Juni kinaweza kukaa hadi Septemba bila kufanya chochote, na wengi hukitupa kikiwa bado kizima.